BARUA YA WAZI KWA MNAOJENGA BARABARA YA MOROGORO: KABLA GREDA HALIJARUDI, TUSIKILIZENI SISI TUNAOISHI KANDO YAKE

Kwa waheshimiwa viongozi mnaosimamia ujenzi wa barabara kuu, wahandisi washauri, na wakandarasi wote mliopita na mtakaokuja,

YAH: MAJI, VIVUKO NA MIPAKA KATI YA KIMARA NA KIBAHA

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa wale wa rika langu habari za kazi.

Naandika hadharani kwasababu njia ya kimyakimya tumeshaimaliza. Tulianza kwa mjumbe, tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti akatuandikia barua yenye muhuri tukaipeleka kwa mkono, ikapokelewa na ikasainiwa, tukarudi kuulizia tukaambiwa mhusika yuko saiti, tukaenda saiti tukaambiwa mambo hayo ni ya ofisini. Baadae ofisi moja ikasema hilo ni la ofisi nyingine maana barabara kuu na barabara za mitaa kila moja ina mwenyewe, na hiyo nyingine ikasema mtaro umejengwa na mradi wa barabara kuu kwahiyo turudi tulikotoka. Sijataja ofisi wala kampuni hapa na sitataja, sitafuti mtu afukuzwe kazi. Nachotaka tusikilizwe kabla greda halijarudi tena. Na litarudi, kwa mtu aliyekulia hapa Kibamba, kati ya Kimara na Kibaha, hilo halina ubishi.

Mimi nimekua nikiiangalia hii barabara ikijengwa. Enzi hizo huku kwetu ilikuwa njia mbili tu, moja ya kwenda mjini moja ya kurudi, lami imemegeka pembeni, kando kuna mikorosho na miembe, vipanya vinapita vimejaza mpaka konda ananing'inia mlangoni. Wakija watu wa barabara watoto tulikuwa hatushikiki nyumbani. Tulijua mpangilio wa kazi kabla hatujajua tebo: kwanza wanakuja wapimaji na vijiti vyao vya utepe mwekundu, kisha kijiko kinachimba, malori yanamwaga kifusi, greda linasawazisha, boza linamwagia maji, shindilia linapita mpaka vyombo kabatini vinagongana, zinakuja kokoto, ile lami nyembamba ya kwanza, alafu ndio lami yenyewe inayotoa moshi na harufu ambayo mpaka leo nikiisikia nasimama kuangalia. Wazee wanakaa chini ya mwembe wanabishana, hapo wameshindilia vizuri, pale wamelipua, masika ikija pale patatitia. Na masika ilipokuja palititia palepale waliposema.

Nayasema haya mjue siandiki kama mtu anayechukia barabara. 2012 kazi ya barabara ya mabasi ya mwendokasi ilipoanza, kilomita karibu 21 kutoka Kimara mpaka Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Kariakoo, tulikula vumbi na foleni miaka na tukavumilia, na Mei 2016 mabasi yalipoanza kutembea tulipanda tukafurahi kweli. 2018 ikaja kazi ya njia nane, kilomita 19.2 kutoka Kimara mpaka Kibaha, huku Ubungo mataa nako kunachimbwa kwa ajili ya barabara za juu. Februari 2021 hizo barabara za juu, ndio daraja la Kijazi, zikafunguliwa, na mtu aliyewahi kukaa kwenye foleni ya Ubungo akamwangalia trafiki anaita upande mwingine tu kana kwamba upande wake haupo, huyo hahitaji kuelezwa faida. Mgonjwa wetu leo anafika Muhimbili kwa muda ambao zamani angekuwa bado yuko Kimara. Tunashukuru, na shukrani hiyo ni ya dhati.

Lakini katika kujenga na kubomoa na kujenga tena kuna mambo yanajirudia kila awamu, na yanawaangukia walewale. Naomba niyataje.

1. Maji. Hili nitaliongelea kwa kirefu kwasababu ndilo linalotuamsha usiku.

Kila mnapojenga, barabara inapanda. Kinawekwa kifusi juu ya kifusi, lami juu ya lami, na nyumba zetu ziko palepale. Nyumba ya mzee wangu ilikuwa na baraza ambayo ukikaa unaangaliana macho kwa macho na dereva wa lori, leo kutoka barabarani kwenda kwenye mlango ule ule unashuka ngazi. Sasa piga hesabu, lami ya njia nane na mabega yake, mvua ya saa moja, ardhi iliyokuwa inanyonya maji imefunikwa, mikorosho imeng'olewa. Maji yote hayo lazima yaende sehemu. Yanakuja kwetu.

Upande wetu kuna korongo dogo ambalo kiangazi hata hulioni, ni majani tu. Barabara ya zamani ilikuwa na kalavati pale, la zamani sana, na maji yalipita chini yakaenda bondeni bila kumsumbua mtu. Kazi ya njia nane ilipofika, wazee walimfuata fomani wakamuonyesha kwa kidole, maji yanatokea kule juu, yanapita hapa, na yakizidi yanatanuka mpaka pale kwenye mnazi. Fomani alikuwa kijana mwenye adabu, aliwasikiliza, akasema mchoro hauonyeshi hivyo na yeye hana mamlaka ya kubadilisha mchoro. Hakukosea, kweli hana. Lakini mwenye mamlaka hakuja, na kalavati likajengwa hatua kadhaa pembeni, kubwa zuri la zege, mdomo wake unatazama nyumba za watu, na mtaro ukaishia hapohapo hewani bila kuunganishwa na kitu chochote. Masika iliyofuata maji yaliingia ndani usiku, watu wakapandisha watoto juu ya meza, vyoo vikafurika, kuta za uani zikalala, na kuna mama mmoja jirani yetu hajarudi tena kwenye nyumba yake, amepanga chumba kwingine wakati ana hati ya kiwanja chake mkononi.

Mkisema hiyo ni bahati mbaya ya mtaa mmoja, mimi nawaomba mwangalie Jangwani. Desemba 2011 bonde la Msimbazi lilifurika, watu wakafa, serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande. Hata mwaka haujaisha ujenzi wa mwendokasi ukaanza, na karakana na maegesho ya mabasi vikawekwa Jangwani, kwenye bonde lilelile. Mabasi yakazama, injini zikaharibika, na kila mvua kubwa barabara inafungwa, abiria wa Kimara anayekwenda Kariakoo anaishia Magomeni. Baadae ikabidi utafutwe mkopo wa Benki ya Dunia kwa mradi mzima wa bonde la Msimbazi pamoja na daraja jipya la Jangwani. Kila mkazi wa Magomeni na Kigogo alikuwa anajua maji ya Msimbazi yanafika wapi. Walikuwa wameyaona miezi michache tu nyuma.

2. Kuvuka. Barabara ya njia mbili mtoto alikuwa anavuka kwa mbio kidogo. Njia nane sio kuvuka, ni safari. Gari za mkoani zinashuka kilima zikiwa zimechanganya, malori ya Zambia na Kongo yamebeba kontena, bodaboda zinapita zinavyotaka, na mwanafunzi wa darasa la pili mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake amesimama katikati anasubiri mtu mzima amshike mkono. Shule iko upande mmoja na makazi upande wa pili, zahanati hivyohivyo, soko hivyohivyo, kwasababu vilijengwa wakati barabara ilikuwa nyembamba na mtaa ulikuwa mmoja. Manzese, Ubungo na Kimara wana madaraja ya watembea kwa miguu, na tunayaona yanavyojaa asubuhi na jioni. Sisi tuliobaki tunapewa zebra, na zebra zenyewe rangi ikifutika hairudishwi, na usiku taa haziwaki zote. Nimewafahamu watu waliogongwa hapa. Sitawataja majina, familia zao bado zinaishi hapa na zinasoma.

Na vituo vya daladala vimehamishwa kwa kuangalia magari yanaingiaje na kutokaje, sio watu wanatokea wapi. Vichochoro vyetu vinatokeza sehemu moja, kituo kiko kwingine kabisa, kwahiyo mtu anatembea pembeni ya lami kwenye giza, au anavukia palepale kichochoro kilipotokeza. Mkija mnasema wananchi hawafuati sheria.

3. Mipaka na ile alama ya X. Mwaka 2017 bomoabomoa ilipopita kuanzia Kimara kuja huku kwetu, kipimo kilikuwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zaidi ya nyumba elfu moja zilikwenda, na makanisa, na misikiti, na biashara za watu, bila fidia. Barabara kuu nyingine kwa kawaida hifadhi yake, yaani eneo la barabara ambalo mtu haruhusiwi kujenga, ilikuwa mita 22.5 kila upande, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikapandisha mpaka 30. Sisi huku 121.5. Mtu anaulizwa, wewe umeifuata barabara au barabara imekufuata? Ni swali la haki, lakini lijibiwe kwa haki. Kuna wazee huku waliletwa kando ya barabara na Operesheni Vijiji miaka ya 70, hawakuchagua, walipandishwa kwenye lori wakaambiwa hapa ndio kijiji. Kuna waliokuja baadae wakauziwa mbele ya viongozi wa mtaa, wakalipa kodi ya majengo, wakavutiwa umeme na maji halali. Kuna shule za serikali zilizojengwa ndani ya kipimo hichohicho.

Sifufui yaliyobomolewa, ingawa ningepata nafasi ya kukaa na nyie ningewaomba muyaangalie upya. Naongelea waliobaki. Kuna nyumba zina X nyekundu ya kubomolewa mpaka leo, haijabomolewa na haijafutwa. Mwenye nyumba hawezi kukarabati, hawezi kuuza, benki haiangalii hati yake mara mbili, bati likitoboka anaziba na turubai kwasababu anaogopa kununua bati jipya la kubomolewa. Miaka inapita. Kijana alikuwa anasoma sekondari X ilipochorwa, sasa ana watoto wake na X bado iko ukutani kwa baba yake. Huyo mtu mnamuweka kwenye hali gani?

4. Kujenga alafu kuchimba tena. Kilwa Road ilijengwa upya kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 2000, watu wa Mbagala wakapumua, 2019 ikaanza kuchimbwa tena kwa ajili ya mwendokasi awamu ya pili. Huku kwetu bomba kubwa za maji ya Ruvu Juu zinapita kandokando ya Barabara ya Morogoro kwenda matenki ya Kimara, kila barabara ikitanuka bomba zinahama, maji yanakatika mitaa mizima, na mara lami ikikauka wanakuja wa kitu kingine wanakata mtaro mpya kando yake. Naelewa mji unakua na mahitaji yanabadilika. Ila kuna vitu vilikuwa vinajulikana tangu mwanzo, na kama waliopanga maji, umeme, simu na barabara wangekaa meza moja wiki moja tusingekuwa tunachimbuliwa kila baada ya muda mfupi.

5. Vumbi na michepuko wakati wa ujenzi. Boza la kumwagia maji lipite kila siku, sio siku ya ugeni wa wakubwa. Kuna watoto walikohoa msimu mzima.

6. Taarifa. Bango la mradi linasimamishwa kubwa kama nyumba, mteja nani, mkandarasi nani, mhandisi mshauri nani, yote kwa Kiingereza. Mama anayeuza vitumbua chini ya hilo bango hajui linasema nini wakati ndio anayehamishwa na huo mradi. Ramani hatujawahi kuona. Tunaujua mradi kwa kuona vijiti vya utepe mwekundu kwenye mahindi yetu, vilevile nilivyokuwa naviona utotoni, tofauti ni kwamba siku hizi tukiviona hatukimbilii kushangilia.

Najua mtakayosema, kwasababu mengine tumeshaambiwa usoni.

Mtasema mmejenga ndani ya hifadhi ya barabara na hamjagusa kiwanja cha mtu. Sawa, lami yenu iko ndani ya hifadhi. Maji yenu hayako ndani ya hifadhi, yako chumbani kwa watu. Ukikusanya maji kwenye mtaro wako ni wajibu wako kuyafikisha mtoni, huwezi kuyaachia mlangoni kwa mwenzio ukasema mpaka wangu umeishia hapa.

Mtasema mradi umeshakabidhiwa na kipindi cha matazamio, kile cha mkandarasi kurekebisha kasoro, kimepita. Ndio maana tulileta barua mapema, wakati kipindi hicho kinaendelea na mkandarasi bado ana mitambo hapahapa. Barua ilipokelewa, imesainiwa, nakala tunayo.

Mtasema wananchi wanatupa taka kwenye mitaro. Kuna wanaotupa, na sisi wenyewe mtaani tumeshagombana na watu kwa hilo na tumetoka na makoleo kuzibua. Lakini mtaro unaoishia hewani hauzibwi na taka, huo umejengwa hivyo.

Mtasema bajeti. Hapa naomba tuongee kwa utulivu, kwasababu najua fedha ni za mkopo na za kodi na hazitoshi. Ila kusogeza kalavati kwenye karatasi, wakati bado ni mchoro, ni kazi ya kalamu. Kulisogeza baada ya zege kukauka ndio bajeti. Mwenye mamlaka ambaye hakuja kuwasikiliza wazee wetu alifikiri anaokoa muda, na gharama yake sasa iko kwenye nyumba za watu na kesho itakuwa kwenye bajeti yenu.

Na najua yupo atakayesema mbona kila mradi unafanyiwa tathmini ya mazingira na mikutano ya wananchi inafanyika. Mikutano tumehudhuria. Mkutano unafanyika saa nne asubuhi siku ya kazi, wanaongea wao saa nzima, maswali yanachukuliwa mawili kwasababu wageni wana ratiba nyingine, tunasaini karatasi ya mahudhurio. Kwenye ripoti ile sahihi inasomeka kwamba tumeshirikishwa.

Tunachoomba ni hiki, na tunaomba kwa heshima:

(a) Kabla ya masika ijayo aje mhandisi mwenye mamlaka ya kuamua, atembee kwa miguu na sisi na wazee kutoka juu ya korongo mpaka yanapoingia maji majumbani, na mitaro yote inayoishia hewani kati ya Kimara na Kibaha iunganishwe mpaka mitoni. Yale makalavati yaliyokosewa yatajwe hadharani na yapangiwe tarehe.

(b) Kila sehemu yenye shule karibu na barabara pawekwe daraja la watembea kwa miguu lenye njia ya baiskeli na kiti cha magurudumu, na kama daraja litachelewa ziwekwe taa za kuvukia wakati tunasubiri. Rangi ya zebra na taa za barabarani havisubiri mradi mpya, hivyo vianze wiki hii.

(c) Kila nyumba yenye X ipewe jibu la maandishi. Kama inabomolewa, lini na kwa fidia gani. Kama haibomolewi, X ifutwe na mwenye nyumba apewe barua ya kuonyesha benki. Na wale walioletwa na Operesheni Vijiji kesi zao ziangaliwe peke yake.

(d) Ramani za mradi wowote unaokuja zibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kabla zabuni haijatangazwa, kwa Kiswahili, na mikutano ifanyike Jumapili jioni au siku nyingine ambayo watu wapo. Nasema mradi unaokuja kwasababu ile barabara ya kulipia ya Kibaha mpaka Chalinze inazungumzwa miaka sasa, na wenzetu wa Mlandizi na Visiga leo ndio wako tulipokuwa sisi, wanaangalia wapimaji wanapita na hawajui kijiti kitachomekwa wapi. Waulizeni wao kwanza. Wana wazee wanaojua kila korongo.

(e) Kuwe na mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu, ambaye malalamiko ya maji na vivuko yanaishia kwake, ili asitokee tena mtu wa kutwambia hilo ni la ofisi nyingine.

Tumekubaliana mtaani kwamba nakala za barua zetu zote za nyuma, zile zenye sahihi ya kupokelewa, ziko kwa mwenyekiti wa mtaa na yeyote kutoka ofisini kwenu anaweza kuja kuziona siku yoyote, pamoja na picha za maji ndani ya nyumba. Wazee wawili kati ya wale waliomuonyesha fomani korongo bado wapo hai na wako tayari kutembea na mhandisi, mmoja anatumia fimbo lakini amesema atatembea. Tunaomba waitwe mapema, masika haisubiri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Kibamba,
kando ya Barabara ya Morogoro